Mawe ya Ntahangwa ni Kitabu cha Kijana Wako

Kijana wa sekondari arudipo nyumbani na daftari lake la jiografia, aghalabu utamsikia akiyaghani maneno haya: miamba moto, miamba tabaka, miamba geu. Huyarudia mpaka yamkae kichwani; siku ya mtihani huyaandika kwa mpangilio mzuri, na mwalimu humpa alama anazostahili. Mtihani ukishapita, maneno hayo humtoka kama maji yaliyotiwa katika tenga. Mwulize jiwe lililo katika msingi wa nyumba anamolala ni la aina gani, hana jibu. Mwulize kwa nini mto Ntahangwa hugeuka mwekundu mvua inyeshapo milimani, naye atakwambia kwamba swali hilo halimo katika daftari.

Juma hili twapenda kuzungumza na wazazi na walezi juu ya somo hilo la miamba na kuchakaa kwake. Huenda wengine wakasema: hayo ni mambo ya mwalimu; sisi tulio kambini, vituoni na jikoni yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Mji wetu wa Bujumbura umekaa chini ya milima mikali ambayo miamba yake inaoza, na umejengwa juu ya mchanga na udongo ulioteremshwa kutoka milima hiyo hiyo. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari, 2014, mvua kubwa ilileta mafuriko ya maji na tope kaskazini mwa mji, ikiwamo mitaa ya Kamenge na Kinama. Zaidi ya watu 60 walikufa, na maelfu wakabaki bila makao. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Desemba, 2019, ardhi ya mlimani iliporomoka juu ya makazi ya watu huko Nyempundu, pande za Cibitoke, na waliokufa hawakupungua 26. Kijana anayeelewa jinsi jiwe linavyogeuka udongo, na jinsi udongo unavyogeuka tope, anayo elimu iwezayo kuwaokoa jamaa zake.

MAHALI TULIPO

Msimamishe kijana wako ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mwambie atazame mashariki. Ataona kwanza uwanda wa Imbo, kisha miteremko mikali ya Mumirwa, na juu kabisa mgongo wa milima unaogawa maji yaendayo mto Kongo na yale yaendayo mto Nili. Ziwa liko kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari, na mlima Heha, ulio mrefu kuliko yote katika Burundi, unapita mita 2,600, nao hauko mbali na mji. Maji yanayoanguka huko juu yana njia fupi sana ya kuteremkia, na kwa sababu hiyo hushuka kwa nguvu na kwa haraka.

Hali hii imeletwa na Bonde la Ufa. Ardhi ilipasuka, sehemu ya katikati ikadidimia na pande zake zikainuka. Ziwa letu, lenye kina cha mita 1,470 mahali pake pa chini kabisa, ni la pili kwa kina duniani baada ya Ziwa Baikal la Urusi. Milima iliyoinuka ina miamba ya kale mno, na sehemu kubwa ya miamba hiyo ina umri unaozidi miaka milioni 1,000. Uwanda wa Imbo, kwa upande wake, umefunikwa na mchanga, changarawe na udongo wa siku za karibu. Basi mwanafunzi wa Bujumbura hana haja ya kusafiri kwenda kuitafuta miamba. Ntahangwa, Muha na Kanyosha humletea mawe ya milimani mpaka mlangoni pake.

JAMII TATU ZA MIAMBA

Wakati wa kiangazi, maji yakiwa yamepungua na mbingu zikiwa safi pande zote, mzazi na aende na kijana kandokando ya mto mahali penye njia ya salama, waokote mawe sita au saba yasiyofanana. Wayaoshe, wayaanike, wayapange juu ya gunia. Hapo ndipo somo lianze.

Miamba moto ni ile iliyokuwa uji wa moto ndani ya ardhi, kisha ikapoa na kuganda. Mfano wake ni itale, ambayo vitabu vingi huiita graniti. Katika jiwe la itale kijana ataona kwa macho yake chembe za namna tatu: zile za kijivu zing'aazo kama kioo, ambazo ni kwatsi, zile nyeupe kama maziwa au zenye wekundu hafifu, ambazo ni feldispa, na vigamba vyembamba vinavyometameta juani, ambavyo ni ulanga. Chembe hizo ni kubwa kwa kuwa uji ulipoa polepole, chini sana ardhini. Uji uliomwagika juu ya ardhi na kupoa upesi hutoa jiwe jeusi lenye chembe ndogo zisizoonekana kwa jicho. Jiwe hilo huitwa basalti, na wenye jamaa zao pande za Cibitoke wanaweza kuliona huko, kwa kuwa volkano za kale za Kivu Kusini zilimwaga lava yao mpaka upande wetu.

Miamba tabaka hutokana na mchanga, udongo au mabaki ya viumbe yaliyotuama majini, tabaka juu ya tabaka, mpaka yakashikamana. Askari wetu waliotumikia Somalia kuanzia mwaka 2007 wanao mfano mzuri wa kuwasimulia watoto. Majumba ya zamani ya Mogadishu yalijengwa kwa mawe meupe yenye vitundu, ambayo ni mawe ya matumbawe. Hayo yamefanywa na viumbe wadogo wa baharini walioacha chokaa ya miili yao mahali pamoja kwa karne nyingi. Baba aliyewahi kuliegemeza bega lake kwenye ukuta wa namna hiyo anaweza kumfundisha mwanawe jambo ambalo haliko ubaoni.

Miamba geu ni ile iliyokuwa ya jamii moja au nyingine, kisha ikabadilishwa na joto na mgandamizo mkubwa chini ya ardhi pasipo kuyeyuka. Milima ya Mumirwa ina miamba mingi ya jamii hii. Kuna naisi, yenye mistari myeupe na myeusi kama kitambaa kilichofumwa. Kuna shisti, inayobanduka vipande vipande na kung'aa kwa ulanga. Na kuna kwatsiti, jiwe gumu sana ambalo zamani lilikuwa mchanga mtupu. Mwambie kijana akwaruze mawe yake kwa msumari wa chuma. Msumari hautaikwaruza kwatsiti, bali utaacha alama ya kijivu ya chuma juu yake. Shisti iliyochakaa itatoa unga.

Mama akitaka kulifafanua jambo la mageuzi hayo bila maneno mengi, na achukue tofali bichi na tofali la kuchoma, aweke kila moja katika beseni la maji jioni. Asubuhi tofali bichi litakuwa limelegea na kumeguka, na huenda likawa tope tupu. Lile la kuchoma litakuwa zima. Udongo ni ule ule, ila moto umeyabadili maumbile yake. Tanuri la matofali ni mfano tu, kwa maana katika ardhi kazi hiyo huchukua muda mrefu usioweza kulinganishwa, na joto hufuatana na uzito wa kilomita nyingi za miamba. Hata hivyo kijana aliyeliona beseni hilo hatayasahau maneno miamba geu. Tena atakuwa amejifunza kwa nini nyumba za matofali mabichi huanguka upesi maji yanapozizingira, kama ilivyotokea mwaka 2014.

KUOZA NA KUCHUKULIWA

Sasa tufike kwenye kiini cha somo. Wanafunzi wengi huchanganya mambo mawili: kuchakaa kwa miamba na mmomonyoko. Kuchakaa ni jiwe kuvunjika au kuoza hapo hapo lilipo. Mmomonyoko, ambao kwa Kirundi huitwa isuri, ni vile vilivyovunjika kuchukuliwa na maji, upepo au uzito wake wenyewe na kupelekwa mahali pengine. Nguo inaweza kuchakaa ndani ya sanduku pasipo mtu kuigusa. Lakini ikipeperushwa na upepo mpaka kwa jirani, hilo ni jambo la pili. Mji wetu uko katikati ya mambo hayo mawili: juu yetu miamba inachakaa, na kupitia kwetu inachukuliwa.

Miamba huchakaa kwa njia tatu. Ya kwanza ni ya nguvu: jua hulipasha jiwe joto mchana, usiku hupoa, nalo hutanuka na kusinyaa mpaka likafanya nyufa. Ya pili ni ya viumbe: mzizi wa mti hupenya ufa na kuupanua, mchwa na panya huchimba, na binadamu naye hukata na kulima. Ya tatu ni ya kikemia, nayo ndiyo yenye nguvu zaidi katika nchi yetu yenye joto na mvua. Maji ya mvua hubeba hewa ya kaboni kutoka angani na katika udongo, yakawa tindikali hafifu sana. Tindikali hiyo huigeuza feldispa kuwa udongo wa mfinyanzi. Chuma kilichomo katika miamba hushika kutu, na kutu hiyo ndiyo inayoupa udongo wetu wekundu wake. Kwatsi haisikii sana tindikali, kwa hiyo hubaki ikiwa chembe za mchanga. Hivyo mchanga wanaouchezea watoto ufukweni na udongo unaofinyangwa chungu vyaweza kuwa ndugu waliozaliwa na jiwe moja.

Askari aliyewahi kuchimba handaki milimani analijua jambo hili kwa mikono yake. Sepetu hupita kwanza katika udongo mweusi wenye mizizi. Kisha katika udongo mwekundu unaonata. Kisha hufika mahali pa ajabu, penye kitu chenye sura ya jiwe, chenye mistari na rangi za jiwe, lakini ukikishika kinavunjika vidoleni kama muhogo mkavu. Huo ni mwamba uliooza. Chini yake ndipo sepetu hugonga mwamba mzima na kutoa cheche. Mchorea mwanao picha hiyo katika daftari, ukiandika kila tabaka mlilitumiaje. Atakuwa ameielewa sura nzima ya kitabu.

Hatari ya miteremko ya Mumirwa iko katika tabaka hilo lililooza. Mvua ya siku nyingi huingia ndani yake kama maji katika sifongo. Udongo huwa mzito, mshiko wake hulegea, na mwamba mzima ulio chini huwa kama sakafu inayoteleza. Panapokuwa na miti na majani, mizizi hushika na matone ya mvua hupunguzwa nguvu. Panapokuwa pamelimwa wima bila matuta wala mitaro, au mguu wa kilima umekatwa ili kupata kiwanja, ardhi hukosa nguzo. Yanayofuata tumekwisha kuyaona.

MAJARIBIO YA NYUMBANI

Majaribio haya hayahitaji maabara wala fedha nyingi.

La kwanza: chukua chupa ya kioo, tia konzi mbili za udongo wa shambani, jaza maji, tikisa kwa nguvu kisha uiache. Changarawe na mchanga vitatuama kwanza, udongo laini baadaye, na maji yatabaki na ukungu hata kesho yake. Ndivyo matabaka yanavyojipanga ziwani. Mawe mazito huachwa karibu na milima, mchanga hufika ufukweni, na udongo laini husafiri mbali kabla ya kutulia chini.

La pili: tia ganda la yai katika kikombe cha siki au maji ya ndimu. Mapovu yatatoka na ganda litalainika, kwa kuwa limefanywa na chokaa, ambayo huliwa na tindikali. Tia kipande cha kwatsi katika kikombe kingine, hakuna kitakachotokea. Kijana ataelewa kwamba miamba haichakai kwa kasi moja.

La tatu: weka msumari mmoja mahali pakavu, wa pili katika kitambaa chenye unyevu, na uvitazame baada ya juma moja. Rangi ya msumari wa pili ailinganishe na udongo wa kilimani.

La nne: anapopita kandokando ya mto wakati wa salama, alinganishe mawe ya juu na ya chini. Ya juu yana ncha na kona. Ya chini yamekuwa madogo na mviringo, kwa kuwa yamegongana njiani. Jiwe husimulia safari yake kwa umbo lake.

Na wale wapendao historia, wamchukue kijana mpaka Mugere, kusini mwa mji, kwenye jiwe kubwa lenye majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25-XI-1871. Achunguze kingo za herufi, madoa ya kuvu mwamba, na upande unaopigwa na mvua zaidi; kisha aeleze ni njia zipi kati ya zile tatu zinazofanya kazi hapo. Asikwaruze wala kuandika jina lake juu yake.

MKULIMA ALIYEULIZA SWALI

Elimu hii yenyewe ilianza kwa swali ambalo lingeweza kuulizwa na mkulima ye yote wa Mumirwa. James Hutton wa Scotland, aliyeishi kati ya mwaka 1726 na 1797, alikuwa na shamba, akaona jinsi mvua inavyouchukua udongo na kuupeleka baharini. Akajiuliza: ikiwa ardhi yachukuliwa kila mwaka, kwa nini nchi kavu haijakwisha? Mwaka 1785 alieleza mawazo yake mbele ya wasomi wa Edinburgh, kwamba mashapo ya baharini hushikamana yakawa miamba, na joto la ndani ya ardhi huiinua tena kuwa nchi kavu, ili ichakae upya. Mzunguko huo unahitaji muda mrefu mno, akasema, na tangu hapo wataalamu wamezidi kuthibitisha urefu wake.

Lakini hapa yapasa kumwonya kijana. Mzunguko wa Hutton unarudisha ardhi baada ya mamilioni ya miaka. Udongo wa shamba la bibi yake, ulioteremka ziwani msimu huu, hautarudi katika maisha yake wala ya wajukuu wake. Kinachoundwa kwa muda mrefu hupotea kwa mvua moja.

KUCHAKAA SI ADUI

Tusimfanye mtoto aogope kila jiwe linalooza. Pasipo kuchakaa kwa miamba tusingekuwa na udongo wa kulimia maharage, mihogo na ndizi, wala matofali, wala vyungu. Huko Musongati, pande za Rutana, mvua za zama nyingi zimeyeyusha na kuondoa baadhi ya madini ya miamba ya kale, zikaacha nyuma udongo wenye nikeli nyingi, ambao watafiti waliugundua katika miaka ya 1970. Hivyo kuchakaa kwaweza kuwa hazina, kukiachwa kufanya kazi yake mahali pake. Hasara huja tunapoufungulia mlango mmomonyoko.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Kwanza, kijana afundishwe kwamba mto wa Bujumbura haupimwi kwa anga ya Bujumbura. Jua laweza kuwaka Buyenzi huku mvua ikipiga milimani, na maji yakashuka ghafula. Mawingu meusi yakiwa juu ya Mumirwa, au maji yakianza kubadilika rangi, hapana kuokota mawe, kufua wala kuvuka.

Pili, kingo za mito ndani ya mji ni mchanga na changarawe zisizoshikamana, si mwamba. Mawe yaliyo chini yake ndiyo yanayolinda mguu wa ukingo. Anayeyachimba ovyo ili ayauze anaondoa msingi wa nyumba ya jirani, na pengine wa daraja. Polisi wanaokataza uchimbaji wa namna hiyo hawawaonei wenye shida. Na wazazi wakilifahamu hili, kazi ya polisi itakuwa nyepesi.

Tatu, kabla jamaa haijanunua kiwanja, kijana aliyesoma apewe nafasi ya kuuliza maswali yake: Chini hapa kuna mwamba mzima, mwamba uliooza, au mashapo? Maji ya mvua hupita wapi? Je, ukuta, miti au ardhi ina nyufa au imeinama? Pesa za kiwanja ni jasho la miaka mingi, na maswali hayo hayagharimu kitu.

Nne, askari anayehamishwa kutoka kambi moja kwenda nyingine na awaletee watoto jiwe moja dogo la kila mahali alipotumikia, akiandika jina la mahali na tarehe kwenye karatasi. Baada ya miaka michache nyumba itakuwa na maktaba ya mawe, na mwalimu atafurahi kuiazima.

Mwalimu anatimiza wajibu wake ubaoni, na saa zake ni chache. Sisi tuliobaki na jioni nzima tumsaidie kwa beseni, chupa, msumari na mawe machache ya mtoni. Mtihani wa shule hufanywa mara moja kwa mwaka. Mvua za Bujumbura huanza kila Septemba au Oktoba, na kijana wako atakuwepo zinaponyesha.